Sahihi ya Mama Kapinga

Jumatatu, 8 Septemba

Umeme hakuna tangu jana. Mkaa umebaki nusu gunia. Nimekunywa chai ya vuguvugu na kuingia kazini saa mbili, nina hasira kidogo bila sababu ya maana.

Kazi yenyewe: kupanga orodha za mahudhurio, mwezi kwa mwezi. Mkaguzi anafika Alhamisi. Anatoka Kinshasa, ametumwa na ofisi ya misaada ya serikali ya ng'ambo inayotufadhili. Akiridhika, ruzuku inaweza kuongezwa miaka miwili. Asiporidhika, Desemba tunafunga mlango.

Chama chetu ni cha wajane. Chumba kimoja, nyuma ya duka la unga la Mama Kavira, mwenyekiti wetu, hapa mtaani Kampemba. Mume akifa, ndugu zake huja kuchukua nyumba, wengine kabla hata kilio hakijaisha. Sisi tunamsindikiza mjane: ofisi ya komine, yaani manispaa, ofisi ya ardhi, mahakamani. Wakili analipwa na ruzuku. Mimi katibu pia, ingawa si mjane. Ni mimi peke yangu ninayelipwa kati ya wanawake wote wa chama, na wenzangu hawalisahau hilo.

Kwenye fomu za wafadhili wajane wanaitwa "wanufaika". Nilipowasomea neno hilo mara ya kwanza, Mama Odia aliuliza kama ni ugonjwa. Walicheka mpaka kikao kikavunjika.

Kesi ya Odia inasikilizwa tarehe 26. Shemeji yake anadai kiwanja cha Annexe, pembeni mwa mji, anakokaa na watoto. Odia ana karatasi moja tu ya kumwokoa: kabla ya kufa, mumewe aliandika kwamba kiwanja ni cha mke na watoto, akatia sahihi. Shemeji anasema Odia ameighushi. Wakili wetu anasema tutashinda. Mawakili wote husema hivyo.

Ripoti naziandika kwa Kifaransa. Hapa naandika Kiswahili cha shule, kile alichotupigia baba fimbo. Napumzika.


Jumanne, 9 Septemba

Faili limekamilika. Mkutano mkubwa mara moja kwa mwezi, karatasi moja kwa kila mkutano, jina, sahihi, na chini kabisa: "Imethibitishwa na katibu." Safi.

Mama Kavira amekataza kupika. Mkaguzi wa mwaka juzi alilishwa kuku wawili, kisha akaandika kwamba chama "hakionyeshi uhitaji mkubwa". Safari hii maji ya chupa na karanga. Mama Kavira ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Kosa likimgharimu mara moja, halirudii.

Nimeridhika na kazi yangu. Najisifu kidogo, kwani nani anasoma hapa.


Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbaya.

Mkaguzi anaitwa Bwana Matondo. Mpole, shati limenyooshwa, Kiswahili anaokoteza. Alianza vizuri. Alisifu faili. Alikunywa maji, karanga hakugusa. Kisha akasema angependa kuongea na wanachama watano, na atawachagua mwenyewe kwenye orodha. Kidole chake kikaanza kushuka. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu: Kapinga.

Mama Kavira alijibu kabla sijafungua mdomo, kwamba Mama Kapinga amefariki. Lini? Mwezi wa tano.

Bwana Matondo akafungua orodha ya Juni. Kapinga, sahihi. Julai, sahihi. Agosti, sahihi. Hakupandisha sauti. Aliligeuza faili upande wangu nami nione, kama vile sikuwahi kuliona, na chini ya kila karatasi palikuwa na jina langu.

Nilijaribu kueleza. Kifaransa changu, ninachoringia kila siku, kilinikimbia. Nikajikuta nasema kwamba kilio chake bado hakijaisha. Akaandika. Nadhani aliandika nilivyosema, na kwenye karatasi kitaonekana kichekesho.

Anataka barua ya maelezo yenye muhuri wa chama kufikia Ijumaa ijayo. Mpaka hapo kila kitu kinasimama. Wakili naye anasimama.


Ijumaa, 12 Septemba

Niandike ilivyokuwa, walau hapa iwe wazi.

Chamani kwetu mtu akifa, jina lake halitoki siku hiyohiyo. Linaitwa kila mkutano mpaka tuketi pamoja, tupike, tumalize kilio chake. Likiitwa, rafiki yake anaitikia: "Tuko naye." Ndivyo walivyoanza wanawake wa kwanza, kabla ya wafadhili, kabla yangu. Wengi wao walitupiwa vyombo nje na mashemeji. Hawapendi kuona mtu akiondolewa mahali. Kilio cha Kapinga kimechelewa kwa sababu mwanawe wa kwanza yuko mgodini Kolwezi na hajapewa ruhusa ya kuja.

Zamani ilikuwa sauti tu. Karatasi zenye mistari zimeletwa na ruzuku, na tangu zije, Kapinga ndiye wa kwanza kufa. Mwezi wa sita jina lilipoitwa, Odia aliitikia. Walikuwa marafiki wa kubebana. Kisha karatasi ikazunguka, akaona mstari wa mwenzake uko mtupu, akaanza kulia. Alisema ni kama tumemfukuza. Mimi nilikuwa na haraka. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma, watu thelathini wananingoja. Nikamwambia amtilie sahihi basi. Mdomo wangu mwenyewe. Julai na Agosti hakuuliza tena, na mimi nikathibitisha.

Sikufikiri chochote. Huo ndio ukweli na haunipendezi.


Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Mahubiri yamepita juu ya kichwa. Mama Kavira alikaa mbele na hakugeuka hata wakati wa kupeana mikono.

Nimepika sombe, majani ya muhogo, nimewapakulia mabinti, mimi sikula. Baba yao yuko barabarani na lori la shaba, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Afadhali. Naona aibu, na aibu sipendi kuangaliwa nayo.


Jumatatu, 15 Septemba

Mama Kavira ameleta rasimu ya barua. Ameiandika kwa mkono, nyuma ya karatasi ya oda ya unga. Inasema: mwanachama mmoja, Odia, alighushi sahihi za marehemu kwa siri. Uongozi haukujua. Amefukuzwa. Anataka niichape.

Si mtu mbaya. Nataka niliandike hilo kabla hasira haijanizidi. Chumba ni chake na hatutozi kitu. Nyuma ya kesi ya Odia kuna nyingine nne, nazo analala akiziwaza na kuamka akiziwaza. Aliniambia akitazama ukuta:

"Mumoja aumie, bengine bapone. Weye ungefanya nini?"

Nimeichapa. Bila kosa hata moja.

Nimefika nyumbani, nikawasha mkaa, ndipo akili iliponirudia. Barua inasema Odia anaghushi sahihi za marehemu. Tarehe 26 Odia anasimama mbele ya hakimu akiwa na sahihi ya marehemu mkononi. Kampemba hakuna siri. Shemeji yake ataisikia barua hiyo kabla haijafika Kinshasa. Basi tutakuwa tumemtoa kwenye nyumba sisi wenyewe, sisi tuliojiandikisha serikalini kwamba tunazuia jambo hilohilo.


Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda Annexe. Taksi mbili, kisha mguu. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Odia alikuwa anamwagilia mboga zake za lengalenga kwa ndoo. Sijawahi kufika kwake, ajabu, na faili lake nalijua ukurasa kwa ukurasa. Vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Mawe juu ya bati. Mlango mumewe aliupaka buluu mwaka ule alioanza kuugua, na rangi iliishia katikati.

Nilimweleza yote. Nilimweleza na barua, kwamba iko tayari, kwamba nimeichapa mimi. Aliweka ndoo chini. Alitazama maji yanavyozama.

"Kama ile barua itaokoa bale bengine, mutume tu, mama. Miye sitakasirika."

Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia atie sahihi. Anakumbuka. Nilimtazama usoni, anakumbuka vizuri kabisa. Angetaja, ningejitetea, maneno ninayo mengi. Hakutaja.

Aliniuliza tu, wakati naondoka, kama Kapinga sasa jina lake limefutwa. Nikasema bado. Akashukuru. Alinifungia fungu la lengalenga na mimi nikalichukua. Sijui nililichukuaje. Nimejichukia njia nzima.


Jumatano, 17 Septemba

Nimeandika barua nyingine. Fupi. Desturi ya chama ni kwamba jina la marehemu huitwa mpaka kilio chake kiishe. Odia alitia sahihi kwa sababu katibu alimwagiza, hadharani. Katibu alithibitisha orodha tatu huku akijua Kapinga amekufa. Hakuna aliyepata sabuni wala nauli ya mkutano kwa jina la Kapinga. Kisha jina langu lote, Ngalula na la ubatizo.

Nimeikunja mara mbili.

Bila muhuri ni karatasi tu. Huku kwetu hata barua ya mapenzi ikiwa na muhuri inaheshimiwa. Na muhuri unakaa kwenye mkoba wa Mama Kavira.


Alhamisi, 18 Septemba

Mama Kavira ameisoma. Wateja walikuwa wakimngoja, akaenda kuwahudumia. Siku nzima nimekaa chumbani namsikia upande wa pili akibishana bei na mtu wa Kasumbalesa, kule mpakani. Anacheka naye. Mimi hajanirudia.

Namwogopa. Naogopa na kukosa kazi. Jana niliandika kama shujaa, leo nimekumbuka kodi ya nyumba na ada ya shule, na kwamba mume wangu sijamwambia neno. Nikiwa mkweli, saa tisa hivi nilitamani aikatae, ili nisamehewe mimi na lawama imwendee yeye.


Ijumaa, 19 Septemba

Ameingia saa nne, amefunga mlango. Ameweka barua zote mbili mezani, ile aliyoniagiza na hii yangu.

Aliuliza kama najua kazi yangu inakwisha. Nikasema najua. Aliuliza kama mume wangu anajua. Nikasema bado. Akaguna. Akavaa miwani, akasoma tena barua yangu kutoka juu, kidole kikifuata mstari, nami nikaona kidole kinasimama kwenye neno "hadharani".

"Ile siku na miye nilikuwa pale," akasema. "Nilisikia vile ulimuambia. Nikanyamaza."

Akachukua kalamu. Chini ya jina langu akaandika kwa mkono wake kwamba mwenyekiti alikuwepo, alisikia, na hakuzuia. Akatia sahihi. Akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupulizia pumzi, akaupiga mpaka vikombe vikaruka. Ile barua nyingine aliichana vipande vinne na kuvitia mfukoni, maana haamini pipa la takataka la mtu yeyote.

Nilitaka kumshukuru. Alikwisha kurudi dukani.

Barua imepelekwa mchana. Nakala moja nimempa wakili. Kuna kitu kimenitoka kifuani, na mahali pake pamebaki hofu ya kawaida tu, ile ninayoijua.


Jumatatu, 22 Septemba

Hakuna jibu. Wakili hapokei simu. Nimefuta vumbi kwenye rafu ambazo hazikuwa na vumbi.

Odia amepita kuuliza. Nimemwambia tunangoja. Amekaa nusu saa kwenye benchi, ametusaidia kuchambua maharagwe ya Mama Kavira, ameondoka.


Jumatano, 24 Septemba

Jibu limefika. Kifaransa laini, ukurasa mmoja.

Maelezo yamepokelewa. Ofisi haioni wizi. Msaada unaendelea mpaka Desemba. Ile miaka miwili itaamuliwa baadaye na wakubwa wa huko kwao, ambao nao bajeti yao inajadiliwa. Mwenyekiti ameonywa. Kuanzia sasa mwanachama akifariki, jina lifutwe siku hiyo. Katibu abadilishwe mara moja, kwa kuwa aliyethibitisha orodha zisizo za kweli hawezi kuaminiwa kuthibitisha nyingine. Mwishoni wanatushukuru kwa uwazi wetu.

Nimesoma mara tatu nikitafuta pa kukasirikia. Hawakukosea. Mtu anayetoa kodi za wananchi wake ana haki ya kujua nani yuko hai. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba hawakukosea, na sisi nasi hatukuwa tunaiba.

Nimelia kati ya magunia. Unga ukaniingia puani, nikapiga chafya, nikacheka peke yangu kama kichaa. Nimekabidhi funguo saa kumi. Mama Kavira alizipokea kwa mikono miwili.

Wakili amepigiwa simu. Ijumaa atakuwepo.


Ijumaa, 26 Septemba

Mahakamani. Nilikaa nyuma, kama jirani. Odia alivaa kitenge cha kanisani, na karatasi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya Biblia, ndani ya mkoba.

Wakili wa shemeji hakukawia. Alisema mama huyu ana mazoea ya kutia sahihi za wafu, na Kampemba nzima inajua. Watu wakaanza kunong'ona. Odia aliinamisha kichwa. Nilitamani kumpiga yule bwana na kiti.

Wakili wetu alisimama, akatoa nakala ya barua. Hakimu aliisoma kimya, akageuza kuona kama kuna kitu nyuma, akauliza kama huyo katibu yumo humu. Nikasimama. Aliuliza kama ni mimi niliyemwagiza. Nikasema ndiyo. Aliuliza kama ilifanywa kwa kificho. Nikasema hapana, mheshimiwa, watu wote wakiona, na mwenyekiti ameandika hapo chini. Aliuliza kama chama kinanilipa nije kusema hayo. Nikasema kilinilipa mpaka juzi. Nyuma yangu walicheka. Hakimu hakucheka. Akaandika.

Karatasi ya marehemu itapelekwa kulinganishwa na sahihi zake za kazini. Kesi imesogezwa mpaka mwisho wa Novemba. Mpaka hapo hakuna ruhusa ya kumtoa Odia kwenye nyumba.

Nje, Odia alinishika mkono. Tulitembea hivyo mpaka kituo cha taksi, wanawake wazima, kama wanafunzi.


Jumatano, 1 Oktoba

Mume amerudi. Nimemwambia. Alikula bukari lake, ugali wa huku, mpaka likaisha, akanawa, akauliza kama ilikuwa lazima niandike na jina la ubatizo. Nikasema lazima. Akasema basi. Anaudhika, lakini si kwangu, au si kwangu peke yangu. Nampenda anavyoudhika polepole.


Jumamosi, 11 Oktoba

Tumemaliza kilio cha Kapinga. Mwanawe amefika kutoka Kolwezi, kijana mrefu, mikono ya mgodi. Tumepika samaki. Katibu mpya ni binti wa mwanachama, amemaliza chuo, anajua kompyuta kuliko mimi. Alitoa orodha na rula. Aliangalia huku na huku kama anaomba ruhusa, kisha Odia akaitikia kwa kichwa, na yule binti akavuta mstari juu ya jina la Kapinga.

Nilidhani wivu utaniua. Haukuniua. Nilikula vizuri.


Jumanne, 11 Novemba

Kazi bado sina. Habari ya ile miaka miwili bado haijafika, na wenzangu wameacha kuuliza.

Mvua imekaza wiki hii. Odia alinitumia ujumbe nije Annexe na jembe, bila kueleza. Nimekwenda. Amekwisha kulima upande wote wa nyuma ya nyumba, matuta ya mahindi, udongo umelowa na mweusi kuliko nilivyodhani. Alipima hatua kutoka ukutani mpaka kwenye nyasi za jirani, akachomeka kijiti, akapima nyingine, akachomeka cha pili.

"Hapa katikati yote iko yako," akasema.

Nilimkumbusha kwamba mwisho wa mwezi hakimu anaweza kusema kiwanja si chake, na mahindi tutakuwa tumempandia shemeji. Alisema anajua. Akanipa mbegu.

Tumepanda mpaka saa sita.